Tangi la samaki wa miamba: pampu ikizima, maji yataenda wapi?

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu Kenya nzima, na sehemu nyingi zikakaa gizani kwa saa kadhaa. Anayefuga samaki wa miamba ndani ya nyumba huwa na swali lake giza likiingia: pampu imezima, je, maji yaliyokuwa yakizunguka yataishia wapi? Tangi lililochaguliwa vibaya hujibu kwa kumwaga maji ya chumvi sebuleni.

Sisi wa Pwani tunaweza kuteka mengine baharini. Ndiyo maana nachukua mfano wa nyumba iliyoko Nunguni, katika vilima vya Kilungu, Makueni, zaidi ya kilomita 300 kutoka ufuoni. Kule maji ya bahari hutengenezwa kwa chumvi maalumu ya dukani, takriban gramu 35 kwa kila lita. Tangi la lita 300 hula zaidi ya kilo 10 za chumvi hiyo kabla samaki hajaingia. Chumvi ya mezani haifai. Wala kisima chenye maji ya chumvi, na Ukambani viko vingi, si bahari. Madini yake ni mengine. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa safi na kuchujwa ni mwanzo mzuri zaidi.

Tangi zuri la miamba kwa kweli ni matangi mawili. La juu ndilo la kutazamwa. La chini hufichwa kabatini na hubeba vichujio, hita na pampu. Maji ya juu hufurika kwenye ukingo wa kisanduku, hushuka kwa bomba, husafishwa, kisha pampu huyarudisha. Kufurika huku huondoa utando wa mafuta unaotanda juu ya maji na kuzuia hewa kuingia. Kilungu jambo hilo lina uzito zaidi: mlimani hewa ni nyepesi, na maji hushika oksijeni kidogo kuliko Mombasa.

Sasa tupige hesabu. Tangi lenye urefu wa sentimita 120 na upana wa 50 lina lita 6 katika kila sentimita moja ya kina. Pampu ikizima, maji ya juu huendelea kushuka hadi usawa wa ukingo, na bomba la kurudishia nalo huanza kunyonya maji kinyumenyume. Mdomo wake ukiwa sentimita 5 chini ya uso wa maji, lita 30 hivi zitateremka. Ongeza yaliyomo kwenye bomba na kisanduku. Kwa hiyo tangi la chini liachiwe nafasi tupu ya lita 40 au zaidi. Wauzaji wengi hukuonyesha mwanga na rangi za samaki. Nafasi hii hawaitaji.

Mdomo wa bomba la kurudishia uwe karibu na uso wa maji, au litobolewe tundu dogo hapo ili hewa iingie na kukata mvuto. Tundu hilo lisafishwe mara kwa mara, maana mwani huliziba. Valvu ya kuzuia maji kurudi isiwe tegemeo la pekee. Konokono mmoja tu akikwama ndani yake, haifungi.

Bomba la kushushia nalo lina mitindo. Bomba moja lenye tundu la hewa juu, mtindo wa Durso, ni rahisi lakini hugugumia, na likiziba huna la akiba. Mtindo wa Herbie una mawili: la kwanza hujaa maji kabisa na huongozwa kwa koki, la pili hungoja dharura. Bean Animal huongeza la tatu. Mimi ningechukua mabomba mawili kwa uchache, hata kama kisanduku kitakula nafasi ya kona. Visanduku vya kuning'inia ukutani, vinavyovuta maji juu ya ukingo bila kioo kutobolewa, nisingeviweka nyumba ambayo stima hupotea kila wiki. Hewa ikiingia, mvuto hukatika. Stima ikirudi, pampu hujaza tangi la juu mpaka limwagike.

Kioo kitobolewe kabla ya kununua, tena kisiwe kile kilichokazwa kwa moto, kwani hicho hupasuka vipande vipande kikitobolewa. Akriliki ni nyepesi lakini huchubuka. Tangi refu na jembamba hupendeza macho, ila lenye uso mpana hupumua vizuri zaidi. Na meza iwe imara: lita 300 ni zaidi ya kilo 300 kabla ya mawe.

Mombasa utapambana na joto; Kilungu mwezi wa Julai utalipia hita. Iweke mahali ambapo maji hayapungui hata pampu ikizima.

Kuhusu wakazi wenyewe, matumbawe yasing'olewe baharini, na katika hifadhi za Malindi, Watamu na Kisite hakuna kinachoruhusiwa kuchukuliwa. Kitatange avutiaye macho huenda akayala matumbawe uliyoyanunua kwa pesa nyingi.

Kabla ya kununua chumvi, jaza matangi yote mawili maji ya kawaida, washa pampu mpaka mzunguko utulie, kisha chomoa plagi. Subiri dakika 10. Weka alama mahali maji yalipofika kwenye tangi la chini. Washa tena, na urudie mara tatu, mara moja ukiwa umeziba bomba kuu kwa kitambaa.