Mpaka wa Lungalunga Haufuti Michango

Mjerumani aliyestaafu akahamia Diani huendelea kulipwa pensheni ya nchi yake, na kila mwaka hutakiwa kuthibitisha tu kwamba yu hai. Jirani yake Mwingereza naye hulipwa, ila pensheni yake ya serikali husimama palepale ilipokuwa siku alipoanza kuipokea akiwa Kenya. Haipandi kila mwaka kama ya mwenzake aliyebaki London, kwa sababu Uingereza haina mkataba na Kenya unaoilazimu kuipandisha. Angehamia Mauritius au Ufilipino, ingepanda. Wazee hao wawili wanaota jua ufukwe mmoja, na tofauti yao ni saini za serikali.

Mfano huo uko mlangoni mwa watu wa Kinondo, jirani na Diani, lakini mtu akizungumza nao kuhusu mafao ya kazi husikia imani tatu zilezile: kwamba mchango hupotea ukivuka mpaka, kwamba hifadhi ya jamii ni ya raia peke yao, na kwamba yanayomkuta mfanyakazi ng'ambo ni nyota yake. Sura hii imepangwa kuzijibu moja baada ya nyingine.

Ya kwanza, basi. Kilichokatwa kwenye mshahara na kuandikwa kwa jina la mwanachama hubaki chake hata akivuka Lungalunga na kuingia Horohoro. Tatizo lililopo ni jingine, nalo linataka hesabu. Chukulia mpishi wa Vanga aliyefanya kazi Tanga miaka 12 akichangia NSSF, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, wa Tanzania, kisha akarudi Diani akafanya kazi miaka 6 akichangia NSSF ya Kenya. Mifuko hiyo miwili ina jina moja tu; haina daftari moja. Tanzania inataka michango ya miezi 180 ili mtu apate pensheni ya kila mwezi. Mpishi wetu ana 144 huko, na 72 huku. Anakosa pensheni ya Tanzania kwa pengo la miaka 3, ingawa amechangia miaka 18 ya maisha yake. Mfuko wa Kenya nao, tangu ulipoanzishwa kwa sheria ya 1965, ulikuwa wa akiba ya kulipwa kwa mkupuo. Sheria ya 2013 ndiyo iliyoleta mfumo wa pensheni, na viwango vyake vipya vilianza kukatwa Februari 2023 baada ya mvutano mrefu mahakamani.

Dawa inajulikana: kujumlisha vipindi. Nchi zenye mkataba wa aina hiyo zingesema 144 na 72 ni 216, kizingiti kimevukwa. Kisha Tanzania ingekokotoa pensheni kana kwamba miezi yote 216 imechangiwa kwake, halafu ingelipa 144 kwa 216 ya kiasi hicho, yaani theluthi mbili. Senti ya Kenya hailipii miaka iliyochangiwa Tanzania, wala ya Tanzania hailipii miaka iliyochangiwa Kenya. Hofu kwamba nchi moja itabebeshwa wazee wa jirani haina msingi wowote, na inachosha kuisikia kwa watu wanaoweza kufanya hesabu ya kugawanya.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu tarehe 1 Julai 2010, inampa mfanyakazi kutoka nchi mwanachama haki za hifadhi ya jamii sawa na mwenyeji. Imo katika ibara ya 10. Kinachokosekana ni mashine ya kuitekeleza: mchango wa Tanga bado haujumlishwi na wa Diani. Na eneo hili lilishaonywa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi wa reli, bandari na posta walibaki na miaka yao ya kazi mikononi. Makubaliano ya 1984 yaliitaka kila nchi iwalipe raia wake, lakini wastaafu wa Dar es Salaam walikuwa bado wanadai miaka ya 2000.

Imani ya pili, kwamba hifadhi ni ya raia tu, inapingwa na sheria zenyewe. Kenya iliridhia mwaka 1971 Mkataba namba 118 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu usawa wa wenyeji na wageni katika hifadhi ya jamii. Sheria ya Fidia ya Ajali Kazini ya 2007 huangalia kama mtu ameajiriwa, haiulizi babu yake alizaliwa wapi. Aliyeumia ana miezi 12 ya kudai. Hayo yangetosha, lau si Wamakonde.

Wamakonde wa Kwale walitoka Msumbiji enzi za Waingereza, wakaja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, hasa Ramisi. Walikata mkonge, walikata miwa, wakazaa, wakazika. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988, nao wakabaki, bila kipande, yaani kitambulisho. Bila kipande hakuna akaunti ya benki, hakuna laini ya simu kwa jina lako, hakuna ajira rasmi, na pasipo ajira rasmi hakuna wa kukukatia mchango. Wajukuu wa vibarua waliozaliwa Makongeni walihesabiwa wageni katika kijiji pekee walichokijua.

Oktoba 2016 walifunga safari kutoka Kwale hadi Nairobi kudai uraia. Rais Uhuru Kenyatta aliagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba, na Februari 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Tazama sasa tarehe inayofuata: mwaka 2018 mpango wa serikali wa Inua Jamii ulianza kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, na anayesajiliwa ni mwenye kitambulisho. Lau utambuzi ungechelewa miezi tu, mzee aliyekata miwa Ramisi angebaki nje ya fedha hiyo. Jasho lake halikuwa limebadilika tangu ujana. Kilichobadilika ni karatasi.

Nafasi iliyobaki kwa imani ya tatu ni ndogo. Msitu mtakatifu wa Kaya Kinondo unastahili heshima yake yote, lakini anayewauzia wasichana hirizi ya safari ya Arabuni anakula pesa ya watu wenye shida, sawa na vijana wa mitandaoni wanaowaambia waache NSSF waingie kwenye sarafu za kidijitali. Nyota haimo; kilichomo ni sheria. Kanuni za Saudia za 2013 zilimpa mfanyakazi wa nyumbani kiinua mgongo cha mshahara wa mwezi mmoja baada ya miaka 4 kwa mwajiri yuleyule. Oman, kwa Amri ya Kifalme namba 52 ya 2023, imeagiza mfumo wa akiba kwa wafanyakazi wa kigeni uchukue nafasi ya kiinua mgongo. Mikataba ambayo Kenya imetia saini na nchi za Ghuba inahusu uajiri. Haijumlishi michango ya mtu yeyote.

Kwa hiyo binti wa Kinondo anayeondoka kesho ajisajili NSSF kama mchangiaji wa hiari, na mchango autume mwenyewe kutoka huko aliko. Nakala ya mkataba wenye tarehe, mshahara na jina la mwajiri aiache kwa mama yake, kwa maana pasipoti mara nyingi huwekwa na tajiri siku ileile anayofika.