Dawa ya Chombo Humezwa Nchi Kavu

Duka letu la dawa liko Malindi, karibu na lango la bandari ya Unguja, na mtu akitaka kujua bahari ya leo ikoje hana haja ya kumtafuta nahodha. Aje awaangalie wateja wangu. Kaskazi ikitulia wananunua maji ya chupa na peremende. Kusi ikichacha, Juni na Julai, wanaingia mbio, tiketi mkononi: "Dokta, nipe kidonge cha boti, upesi, wanafunga lango!"

Kidonge nampa, lakini na ukweli nampa: umechelewa. Vidonge hivi kazi yake ni kuzuia, navyo vinataka saa moja mpaka mbili kushika. Boti ya kasi inafika Dar es Salaam kwa kiasi cha saa mbili. Hesabu mwenyewe: dawa inaanza kazi mabaharia wanapofunga kamba ng'ambo ya pili. Tena roho ikishachafuka, tumbo linagoma kusukuma kitu chochote kwenda utumboni. Kidonge kinakaa palepale na chai ya asubuhi, kisha vyote viwili vinarudi pamoja. Hapo watu humeza kingine, na kingine tena, bila kujua cha kwanza kimebaki kiasi gani. Ndio hao wanaoshuka Dar wakiwa wameshikwa mkono, macho hayafunguki.

Lakini kisa chote hakianzii tumboni, kinaanzia sikioni. Ndani kabisa ya sikio mna mifereji mitatu midogo yenye majimaji, nayo ndiyo inayoupelekea ubongo habari kila unapoinama au kugeuka. Ukiwa umekaa ndani ya boti, macho yanaona kiti na televisheni vimetulia tuli, sikio linasema tunapanda na kushuka. Ubongo unashindwa kujua umsadiki nani, na mwenye kuadhibiwa ni tumbo.

Anayebisha namsimulia habari ya mabwana kumi na mmoja wa Gallaudet, chuo cha viziwi kilichopo Washington. Mwishoni mwa miaka ya 1950 jeshi la majini la Marekani na shirika la anga la NASA yaliwatumia katika utafiti wa safari za angani. Kumi kati yao walipoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo, na ugonjwa ule uliwaharibia pia ile mifereji ya ndani. Siku moja walipakiwa kwenye meli katika bahari chafu ya Nova Scotia, Kanada. Viziwi wakakaa wakicheza karata na kupiga soga zao kwa mikono. Waliozidiwa ni watafiti wenyewe, mpaka jaribio likabidi livunjwe.

Ndiyo maana mengi ya kukusaidia hayauzwi dukani kwangu. Kaa katikati ya chombo, si mbele wala ghorofa ya juu, maana huko mtikisiko ni mkubwa zaidi. Tazama nje, mbali, pale bahari inapokutana na mbingu, ili macho na sikio viseme neno moja. Simu iweke mfukoni. Kusoma jumbe huku chombo kinayumba ni kujitafutia balaa. Usipande na njaa, wala usipande umeshiba. Urojo uache, utaukuta ukirudi.

Anayejijua kwamba haya hayamtoshi, kwa mfano msafiri wa Pemba anayeogopa mkondo wa Nungwi, dawa ipo, na kwa mtu mzima mwenye afya si ya kutisha. Sinarizini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Stugeron, humezwa miligramu 30 saa mbili kabla ya safari. Soma pakiti, kwa sababu vidonge vingine ni vya miligramu 15 na vingine vya 25. Ya 15 utameza viwili, ya 25 kimoja kinatosha. Promethazini, yaani Phenergan, humezwa miligramu 25 usiku wa kuamkia safari, nawe ukiamka inafanya kazi bado. Mwezi wa Ramadhani wateja wangu humeza wakati wa daku, na kwa boti ya saa moja asubuhi wanakuwa wamepatia kabisa.

Dawa zote mbili zinaleta usingizi, promethazini zaidi. Kwa abiria si neno. Kwa atakayeshuka Dar akashika usukani kwenda Tanga au Morogoro ni hatari, na uzito huo wa kichwa unaweza kuendelea hata kesho yake. Usichanganye na pombe wala dawa za usingizi. Na hapa kuna mtego ambao wengi hawauoni: Piriton ya mafua na vidonge vingi vya mafua ni ndugu wa dawa hizi hizi. Aliyemeza Piriton alfajiri kwa ajili ya chafya, kisha Phenergan kwa ajili ya boti, amemeza usingizi mara mbili. Mzee mwenye tezi dume anaweza kufungwa mkojo, na mwenye presha ya macho anaweza kuzidishiwa. Hawa waulize kwanza kwa daktari wao.

Sasa watoto. Siku moja aliingia mama kijana amempakata mtoto wa mwaka na nusu.

"Shikamoo Dokta. Naomba ile Phenergan ya maji, alale mpaka Pemba."

"Marahaba. Anatapika akipanda boti?"

"Hata! Analia tu, anasumbua watu."

"Mwanangu, siuzi. Muache alie. Mtoto anayelia anapumua."

Alinuna, nami sikumlaumu, kwa sababu ushauri ule alipewa na watu wazima wenzangu mtaani kwao. Ukweli ni huu: promethazini haipewi mtoto chini ya miaka miwili, hata tone. Inaweza kumzimia pumzi usingizini, na wapo watoto waliokufa hivyo. Onyo hilo limo kwenye karatasi ya ndani ya pakiti, ile tunayoitupa. Na la kushangaza zaidi, watoto wa umri huo ni nadra kulevywa na chombo. Wanaosumbuka hasa ni wa miaka sita mpaka kumi na mbili. Yaani tunamhatarisha mtoto kwa ugonjwa asiokuwa nao. Sinarizini ni ya kuanzia miaka mitano, nusu ya dozi ya mtu mzima. Dawa ya maji ipimwe kwa kikombe au bomba lake. Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani.

Kuna dawa nyingine ambayo watu huiuliza kama "ile ya kuzuia kutapika", na mara nyingi wanapewa metoklopramidi. Hospitalini ina kazi zake, lakini kwa kulevywa na chombo haisaidii kitu, na ina tabia moja mbaya kwa vijana. Nimemwona binti aliyeletwa na shangazi yake, shingo imepinda upande mmoja, macho yameelekea juu, taya limekaza, na akili zake timamu kabisa. Nyumbani walishaanza kufukiza ubani na kutafuta wa kumsomea. Alikuwa amemeza vidonge hivyo tangu jana yake. Nikawapeleka hospitali, akachomwa sindano ya kuivunja nguvu ile dawa, na jioni alikuwa anacheka. Ukiona hivyo kwa mtu aliyemeza dawa ya kutapika, dua msiache, lakini iombeni ndani ya taksi. Tangu 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya imeagiza isitumiwe zaidi ya siku tano.

Buscopan nayo huulizwa kwa sababu jina lake la kitaalamu linaanza na hayosini, sawa na dawa ya ile plasta ndogo ambayo wageni wa Ulaya na Marekani huibandika nyuma ya sikio. Ni hayosini mbili tofauti. Ya Buscopan haifiki kwenye ubongo. Ni ya msokoto wa tumbo. Plasta ndiyo ya safari, hubandikwa saa kadhaa kabla, na mgeni akikuachia moja kama zawadi, osha mikono baada ya kuishika. Kidole chenye dawa ile kikigusa jicho, mboni inapanuka na unaona ukungu. Mtoto asibandikwe.

Wapo wasioamini kidonge, wanataka sindano. Diana Levine, mwanamuziki wa Vermont, Marekani, mwaka 2000 alichomwa promethazini mshipani kwa ajili ya kichefuchefu cha kipandauso. Dawa ikaingia kwenye ateri, mkono ukaoza, ukakatwa. Kesi yake dhidi ya watengenezaji ilifika Mahakama ya Juu, naye akashinda mwaka 2009. Kupanda boti si sababu ya kuchomwa sindano.

Mjamzito asinunue chochote kwa kubahatisha. Zipo dawa za kutapika ambazo hutumika katika mimba, ila achaguliwe na mkunga au daktari wake, na akishindwa kukaa hata na maji au mkojo ukiwa wa rangi ya chai, aende hospitali siku hiyo hiyo. Tangawizi anaweza kujaribu, chai au kipande cha kutafuna, na hata asiye mjamzito vilevile. Tafiti hazikubaliani kuhusu nguvu yake baharini, lakini mimi siikatazi: ni rahisi, na haimlazi mtu.

Ukija dukani, kwangu au kwa mwingine, usianze na jina la dawa. Sema nani anasafiri, ana umri gani, anaondoka saa ngapi, anameza dawa gani nyingine, na kama ana mimba. Na kutapika kwa boti hukoma mtu akishakaa nchi kavu. Kukiendelea, au kukiwa na homa, kuharisha au kichwa kikali, hiyo si bahari tena. Usikunyamazishe kutapika huko kwa kidonge cha safari, nenda ukapimwe, na malaria iwe ya kwanza kuangaliwa.