Maganda ya kahawa ya Nyeri, kuvu, na mafuta ya gari

Hapa Pwani mtu akitaja mafuta yatokanayo na mimea, wengi hukumbuka Dakatcha. Tangu mwaka 2009 hivi, wenyeji wa Magarini, Kilifi, walisikia habari za mpango wa kufyeka msitu ule ili ipandwe jatrofa, mbegu zikamuliwe mafuta. Ukazuka mvutano mkubwa wa ardhi. Basi nikisema kuna njia nyingine ya kupata mafuta kwa mimea, isiyotaka hata ekari moja mpya, msomaji ana haki ya kukunja uso. Lakini tuitazame, na mahali pa kuitazamia ni Nyeri.

Kule Othaya, Tetu na Mathira mkulima huchuma tunda jekundu la kahawa akalipeleka kwenye kiwanda cha chama cha ushirika siku ile ile. Linamenywa kwa mashine na maji, buni huchachushwa, huoshwa, huanikwa, na baadaye hushuka kuja bandarini kwetu Mombasa. Ganda na nyama yake hubaki huko huko, na si kidogo: karibu sehemu mbili kwa tano za uzito wa tunda bichi. Msimu mkuu, Oktoba hadi Desemba, malundo huoza kando ya viwanda, na maji yake machafu yakipata mwanya huingia mitoni. Mito ya Nyeri kama Gura na Chania humwagia Tana, na Tana huishia Kipini. Kweli, kuna mabwawa kadhaa njiani, lakini mto ni ule ule mmoja.

Je, ganda lile laweza kuwa mafuta? Kutengeneza alkoholi kwa sukari si jambo geni. Hamira unayotia kwenye mahamri ni kuvu, mdogo asiyeonekana kwa jicho. Hula sukari, hutoa hewa inayoumua unga, na pia hutoa alkoholi. Mgema anajua: tembo la asubuhi ni tamu, la jioni lalewesha. Kule Muhoroni, magharibi mwa Kenya, ethanoli hutengenezwa kwa molasi ya miwa kwa njia hiyo hiyo, na katika miaka ya 1980 nchi hii ilikuwa ikiichanganya na petroli.

Shida ni kwamba sukari ya ganda la kahawa, bua la mahindi au kuni haiko wazi kama ya molasi. Nyingi imefungwa ndani ya selulosi, minyororo mirefu ya sukari iliyoshikana, nayo imezungukwa na kitu kigumu kiitwacho lignini, mfano wa saruji iliyoshika mawe ya ukuta. Hamira haiwezi kuuvunja ukuta huo. Kuvu wengine wanaweza. Gogo likianguka katika msitu wa Mlima Kenya, baada ya miaka halipo tena. Kuvu hana mdomo wala tumbo. Humwaga vimeng'enya nje ya mwili wake, vikaikata selulosi vipande vipande mpaka ikawa sukari ya kawaida, kisha akainyonya. Wanachofanya wataalamu ni kumpokonya tonge: vimeng'enya hutiwa kwenye pipa la mabaki ya mimea, na sukari inayopatikana hupewa hamira.

Kuvu maarufu kwa kazi hii alipatikana kwa hasara. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mahema ya pamba ya jeshi la Marekani yalikuwa yakioza ovyo katika visiwa vya Solomon. Mmoja wa waharibifu alihifadhiwa, na Elwyn Reese na Mary Mandels wakamchunguza kwa miaka katika maabara ya jeshi. Leo anaitwa Trichoderma reesei, na vimeng'enya vya aina hiyo vimo hata katika sabuni za unga na katika viwanda vya kuchakaza jinzi.

Mbona basi hatujazi tangi kwa maganda? Kwa sababu kabla ya vimeng'enya kufanya kazi, mabaki lazima yapikwe kwa mvuke au asidi ili lignini ilegee, na vimeng'enya vyenyewe ni ghali na huchukua siku. Crescentino, Italia, kiwanda kikubwa kilifunguliwa 2013. Kufikia 2017 kilikuwa kimefungwa. Emmetsburg, Marekani, kimoja cha mabua ya mahindi kilianza 2014, kikasimamisha kutoa mafuta 2019. Hao ni watu wenye mitaji na barabara nzuri.

Nyeri ina ugumu wake zaidi. Ganda bichi la kahawa ni maji matupu kwa sehemu kubwa, kwa hiyo kulibeba kwa lori ni kubeba maji. Limetapakaa katika viwanda vingi vidogo vya mabondeni, hupatikana miezi michache tu, na lina kafeini na tanini zinazosumbua vijidudu. Kuvu wa jamii za Rhizopus na Aspergillus wamejaribiwa kupunguza kafeini hiyo, na wakaonekana kuweza. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, hapo hapo Nyeri, kina shamba lake la kahawa. Majaribio ya namna hii yafaa yafanyiwe pale kabla mtu hajaenda benki.

Kwa maoni yangu, kiwanda cha kahawa kianze na kuvu mnyenyekevu zaidi: uyoga. Huota vizuri juu ya maganda ya kahawa, hulegeza lignini bila mvuke wala asidi, na huuzwa sokoni Karatina. Yanayobaki yatiwe kwenye tangi la gesi. Hale, Tanga, mabaki ya mkonge yaliwahi kutumiwa kutoa gesi ya kuzalisha umeme. Tena tuwe waangalifu na neno "taka". Majani ya mpunga ya Mwea yana mwenyewe: wafugaji huyanunua.

Nao makumbi yetu ya nazi? Zanzibar akina mama huyafukia ufukweni miezi mingi, vijidudu vikala sehemu laini, na zinazobaki ni nyuzi za kusokota kamba. Nyuzi hizo hubaki kwa sababu zimejaa lignini. Atakayekuja kutuahidi ethanoli ya makumbi, aulizwe kwanza atazilegeza kwa nini, na kwa bei gani.