Kurutu wa wanamaji: Mambo yanayoungoja mwili wako Great Lakes

KIJANA wa Kisii, Kakamega au Mombasa anayepata green card na kuhamia Marekani hachukui muda mrefu kabla ya kusikia kwamba jeshi la wanamaji la nchi hiyo huandikisha hata wasio raia, mradi wawe na kibali cha kuishi huko daima. Wakenya kadhaa wameshapitia njia hiyo. Jamaa waliobaki nyumbani huuliza kuhusu mshahara na meli. Ni wachache wanaouliza swali la daktari: je, mwili utastahimili?

Makurutu wote wa jeshi hilo hupelekwa mahali pamoja, kambi ya Great Lakes katika jimbo la Illinois, kaskazini mwa Chicago, kando ya Ziwa Michigan. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1911, na tangu zile za San Diego na Orlando zifungwe katika miaka ya 1990, hakuna nyingine. Kwa miaka mingi mafunzo yalichukua wiki nane hivi. Yakaongezwa hadi kumi mwaka 2022, kisha yakapunguzwa hadi tisa mwaka 2025.

Basi huwafikisha makurutu usiku, na usiku huo wa kwanza hakuna kulala. Wazazi wakipigiwa simu fupi sana, yenye sauti kama ya mtu anayesoma karatasi, wasiingiwe na hofu, ndiyo desturi. Nguo za nyumbani huvuliwa, wanaume hunyolewa, na mkojo hupimwa dawa za kulevya. Wanaopenda miraa wajue kwamba kathinoni, kemikali iliyo katika majani hayo, imo katika orodha kali zaidi ya dawa zilizoharamishwa na sheria za Marekani. Hata kama kwetu ni mazungumzo ya jioni, kule ni kesi.

Siku zinazofuata ni za madaktari: macho, meno, masikio, damu, na sindano moja baada ya nyingine. Kuna chanjo ya surua, ya mafua, na tangu 2011 vidonge vya kumeza vya kukinga virusi vya adeno, vinavyosababisha homa na kifua kwa watu wanaolala pamoja. Inayosimuliwa zaidi ni penisilini nzito inayochomwa kwenye tako. Hukaa ndani kama donge, na anayetembea hupata nafuu mapema kuliko anayeketi akiugua. Ikiwa penisilini inakudhuru, sema kabla ya sindano. Haya yote hayafanywi kumtesa mtu. Makurutu wapatao 80 hulala katika ukumbi mmoja, na mmoja akikohoa Jumatatu, kufikia Ijumaa ukumbi mzima unakohoa.

Hapo kwenye damu ndipo Mkenya anapopaswa kutega sikio. Hupimwa pia chembe ya selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli. Familia nyingi za Nyanza, Magharibi na Pwani zina chembe hiyo. Aliyeirithi kutoka kwa mzazi mmoja tu si mgonjwa. Anaweza kucheza kandanda miaka yote ya shule na asijue lolote, na kuwa nayo hakumfukuzi mtu jeshini. Lakini anapokimbizwa kupita nguvu zake, hasa kwenye joto au akiwa amepungukiwa maji, misuli yake inaweza kuanza kuvunjika na taka zake kumwagika katika damu hadi figo zishindwe. Utafiti wa askari Weusi wapatao 48,000 wa jeshi la nchi kavu la Marekani, uliochapishwa mwaka 2016, haukuona vifo zaidi miongoni mwa wenye chembe hiyo, ila hatari ya misuli kuvunjika ilikuwa juu kwa asilimia 54.

Kwa hivyo pima hapa nyumbani, au huko uliko, kabla ya kutia sahihi. Kisha ujue dalili zake: misuli inayouma na kulegea ghafla bila kukaza kama mkakamao wa kawaida, pumzi inayokatika, mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Dalili hizo zikitokea, simama hapo hapo na useme. Mkufunzi atapiga kelele, na apige. Mwaka 2019 makurutu wawili wa kike walifariki Great Lakes baada ya majaribio ya siha, katika muda wa miezi michache.

Kuna marafiki wanaoshauri kwamba pumu, kifafa au mguu uliowahi kuvunjika ufichwe. Ni ushauri mbaya. Aliyekuwa na pumu baada ya kutimiza miaka 13 huhitaji idhini maalum, na ni afadhali kuiomba kuliko kubanwa na kifua kwenye chumba cha gesi ya machozi, ambamo kila kurutu huingizwa na kuamriwa avue barakoa.

Kinachowarudisha wengi nyuma ni miguu. Viatu ni vipya, sakafu ni ngumu, na kuna gwaride na kusimama kutwa. Mfupa usiozoea hupata nyufa ndogo, hasa wa muundi na wa wayo. Wanawake huumia zaidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, makurutu 5,201 wa kike wa jeshi hilo waligawanywa. Waliopewa kila siku miligramu 2,000 za kalisi na yuniti 800 za vitamini D walipata nyufa chache kwa asilimia 20. Ngozi nyeusi hutengeneza vitamini D polepole, na jua la Illinois wakati wa baridi ni la kutazamwa tu. Kunywa maziwa, na anza kukimbia miezi mitatu kabla, ukiongeza mwendo kidogo kidogo. Mtihani ni maili moja na nusu, yaani kilomita 2.4, pamoja na kujiinua kwa mikono na kujikaza juu ya viwiko mwili ukiwa umenyooka.

Kuna pia maji. Ajabu ni kwamba wengi hujiunga na wanamaji bila kujua kuogelea. Utaruka kutoka jukwaani, uogelee yadi 50, kisha uelee kifudifudi kwa dakika tano. Asiyejua hufundishwa, lakini vipindi hivyo huongezea uchovu juu ya uchovu. Bwawa la YMCA ni rahisi zaidi.

Kelele za wakufunzi hutisha wiki ya kwanza, kisha sikio huzoea. Usingizi unaokatwa kwa zamu za ulinzi ndio mgumu zaidi, na upweke pia, kwani simu hukaa kabatini na barua hungojwa kama mvua. Familia iandike mara kwa mara, hata habari za ng'ombe.

Mwishoni kuna usiku wa saa 12 ndani ya mfano wa meli uliojengwa nchi kavu, USS Trayer, wenye moto, mafuriko na majeruhi wa kuigiza. Alfajiri, kofia iliyoandikwa kurutu huvuliwa na kuvaliwa ile ya baharia, na wengi hulia wakiwa wamesimama wima.