"Ethi" na "Ardhi": Maneno Mawili katika Kazi ya Transmita za Presha

Maneno ya ufundi huingia katika lugha kwa njia mbili: mafundi huyapokea kwa masikio, na wataalamu wa lugha huyaunda kwa kalamu. Aghalabu tofauti hiyo haina madhara. Mwanafunzi aliyesoma "kanieneo" darasani, yaani kani iliyogawanywa kwa eneo, atawakuta mafundi wakisema "presha", wala hatapotea. Lakini yako maneno ambayo kuyachanganya ni hatari, na mojawapo ni "ethi".

Katika nchi izungukayo Didia, mkoani Shinyanga, mitambo mikubwa si jambo geni. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Mgodi wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Na mradi wa kusukuma maji ya Ziwa Viktoria kutoka Ihelele hadi Shinyanga na Kahama ulizinduliwa mwaka 2009. Penye pampu na mabomba makubwa, presha haina budi kuangaliwa daima. Kazi hiyo hufanywa na transmita, chombo kipimacho presha na kuipeleka habari yake mbali kwa mkondo wa umeme wa kuanzia miliampea 4 hadi 20. Haukuchaguliwa mwanzo wa 0, kwa sababu waya ukikatika mkondo huwa 0, na msimamizi hutambua mara moja kwamba kilichoharibika ni waya, si presha iliyokwisha.

Sasa, fundi akiambiwa "funga ethi", huwa ameagizwa kazi gani? Ziko mbili. Ya kwanza ni kuunganisha mwili wa chuma wa transmita na mfumo wa ethi wa mtambo mzima, ili umeme ukivuja usimpige mtu. Ya pili yahusu wavu mwembamba wa chuma uzungukao nyaya za ishara ili kuzikinga na umeme wa jirani. Wavu huo kwa kawaida huungwa upande mmoja tu, mara nyingi kwenye chumba cha usimamizi. Upande wa pili hukatwa na kufungwa kwa utepe usiopitisha umeme. Ukiungwa pande zote mbili, mkondo usiotakiwa waweza kupita humo na kuvuruga ishara. Kwa transmita ya bar 0 hadi 10, kosa la miliampea 0.8 tu ni kosa la nusu bar. Basi kazi ya kwanza haifai kuachwa kamwe, na ya pili haifai kurudiwa. Hali zote mbili zaitwa kwa neno moja.

Je, tatizo litaondoka tukiandika "ardhi" badala ya "ethi"? La, litazidi. "Unganisha na ardhi" ni agizo ambalo msomaji aweza kulitii kwa kuchomeka nondo yake peke yake chini ya transmita. Wasukuma, ambao hutofautisha udongo kwa majina, watajua kwamba ardhi si moja: luseni ni mchanga, na mbuga ni udongo mzito mweusi. Mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri. Tena, radi ipigapo, na katika bonde la Ziwa Viktoria radi ni nyingi, nondo mbili zisizounganishwa huweza kuwa na volti zinazotofautiana sana, na tofauti hiyo hupita ndani ya chombo. "Ethi" ya fundi si udongo. Ni mfumo mmoja wa nyaya na nondo zilizounganishwa.

Kwa hiyo yafaa neno "ethi" libaki, maana mafundi wanalo tayari, lakini lipewe sifa: "ethi ya kinga" kwa mwili wa chombo, na "ethi ya ishara" kwa wavu wa nyaya. Maagizo nayo yafuate utaratibu wa kazi yenyewe: kwanza umeme uzimwe na swichi ifungwe kwa kufuli, pili vali ifungwe, na presha iliyobaki ndani itolewe polepole, tatu chombo kifungwe, nne ethi ya kinga iungwe pamoja na mfumo wa mtambo, tano ethi ya ishara iungwe upande mmoja, kama mtengenezaji hakuagiza vingine.

Istilahi njema haipimwi kwa usafi wa asili yake tu. Hupimwa pia kwa mkono wa yule aisomaye, akiwa peke yake mbele ya bomba lenye presha.