Mgeni wa Meli, Tsavo na Saa ya Kurudi Bandarini

Kaskazi ikianza kuvuma, meli za kitalii nazo huanza kufunga gati Kilindini, na swali ni lile lile kila msimu. Huniuliza jamaa walioko Uingereza na Kanada wanaokuja kutembea kwa meli, na huniuliza vijana wenye magari pale Mombasa: je, abiria anaweza kuacha ziara inayouzwa ndani ya meli, akakodi gari na kiongozi wake mwenyewe, akafika Tsavo kuona ndovu na kurudi kabla meli haijaondoka?

Anaweza. Lakini kuna hesabu ya kufanya kwanza, na wengi wetu hatuifanyi. Mimi ni mkaazi wa Kaloleni, hii ya Voi na si ile ya Kilifi, na riziki yangu ni kuongoza wageni mbugani. Nitaieleza hesabu hiyo kama tunavyoijua sisi wa huku juu.

Tuanze na tofauti ya ziara hizi mbili. Meli inapokaribia bandari, abiria huuziwa ziara na kampuni ya meli yenyewe. Kampuni hiyo huwa imepatana na kampuni ya utalii ya huku, nayo huleta magari mpaka bandarini. Abiria hulipa zaidi, kwa sababu kila mkono unaopitia hela hizo huchukua chake. Anachopata kwa ziada ile ni kitu kimoja kikubwa: gari la ziara ya meli likichelewa, meli humngojea, au kampuni hugharamia kumfikisha bandari inayofuata.

Ziara ya kujipangia haina ulinzi huo. Abiria anapatana moja kwa moja na dereva au kiongozi wa hapa, analipa kidogo zaidi ya nusu au pengine chini ya hapo, anachagua pa kwenda na anakula anapotaka. Hela zinabaki kwetu. Ila akichelewa, meli inakwenda zake.

Si maneno ya kutishana. Mwezi wa Machi 2024, abiria wanane wa meli ya Norwegian Dawn walishuka São Tomé, kisiwa cha Afrika ya Kati, wakaenda matembezi ya kujipangia. Walichelewa kurudi. Walipofika, meli ilikuwa bado inaonekana, na askari wa pwani wa kisiwa kile wakawapeleka kwa boti mpaka ubavuni mwake, lakini hawakupandishwa. Walilazimika kuzunguka nchi kadhaa kwa ndege, na siku kadhaa baadaye ndipo walipoikuta meli yao Dakar, Senegal. Habari ile ilienea dunia nzima, na tangu hapo abiria wengi huuliza saa ya kurudi kabla hawajauliza bei.

Basi tupige hesabu. Toka Mombasa mpaka Voi kwa barabara ni kama kilomita 150. Kwa karatasi hizo ni saa mbili. Lakini anayeijua njia ya Mazeras, Mariakani, Samburu, Taru, Mackinnon Road mpaka Maungu anajua kwamba barabara hiyo ndiyo njia ya malori yote yanayobeba mizigo ya bandari kwenda Nairobi, Uganda na kwingineko. Lori moja likilala njiani pale mizani ya Mariakani, foleni haiulizi nani ana meli ya kuwahi. Mimi huhesabu saa tatu za kurudi, na juu yake naongeza saa mbili za akiba.

Chukua mfano. Meli imefunga gati alfajiri na itaondoka saa moja usiku. Saa ya kuondoka si saa ya mwisho ya kupanda. Kwa kawaida abiria wote hutakiwa wawe ndani nusu saa au saa nzima kabla. Tuseme saa kumi na mbili jioni. Ukitoa saa mbili za akiba, gari liwe geti la bandari saa kumi. Ukitoa saa tatu za njia, ni lazima muwe mmetoka Voi saa saba mchana. Asubuhi nako, hata meli ikifika alfajiri, abiria hawashuki mara moja. Kuna ukaguzi wa maofisa kwanza. Wakishuka saa moja na nusu, watafika lango la Bachuma kama saa tatu na nusu au saa nne. Wamebaki na saa tatu za mbugani. Zinatosha kuona ndovu wekundu, ambao wekundu wao ni vumbi la udongo wetu, na nyati na pundamilia. Hazitoshi Lugard Falls wala Mudanda, na ukweli huo mgeni aambiwe kabla ya kulipa.

Ikiwa meli inaondoka saa kumi jioni, mwambie mgeni kwa upole kwamba Tsavo haiwezekani. Mpeleke Ngome ya Yesu na Mji wa Kale, au Shimba Hills. Kumkatalia safari moja ni afadhali kuliko kumwacha kwenye gati akiangalia meli yake ikitoka mlango wa bahari. Na ikiwa meli inalala Mombasa usiku mmoja, kama baadhi zinavyofanya, hapo ndipo Voi inapomfaa hasa: alale huku, aamke na mbuga, arudi na nafasi.

Wengine huniuliza kuhusu reli ya SGR. Stesheni ya Voi ipo, na safari ni nzuri. Lakini si kila treni husimama Voi, na zinazosimama ni chache kwa siku. Ukiikosa moja hakuna nyingine nyuma yake kama matatu. Kwa mgeni wa siku moja mwenye meli ya kuwahi, gari lina uhuru zaidi.

Sasa jambo ambalo limeharibu safari nyingi kuliko pancha: saa yenyewe. Sisi tukisema saa nne, mgeni anafikiri ni ile ya jioni anayoiita nne, nasi tunamaanisha ile anayoiita kumi, asubuhi. Mapatano yakifanywa kwa simu, mmoja huku na mmoja baharini, kila mtu anakubali na kila mtu ana saa yake. Andika saa kwa tarakimu za masaa ishirini na nne: 07:30, 13:00, 16:00. Tena, meli inayotoka Ushelisheli imetoka mahali ambapo saa iko mbele yetu kwa saa moja. Nahodha huweza kubadilisha saa ya meli au kuiacha kama ilivyo, na simu ya abiria ikajibadilisha yenyewe ikifika Kenya. Kila mgeni ninayempokea namuuliza swali moja kabla ya salamu kuisha: saa ya meli yenu sasa hivi ni ngapi? Nikishaijua, naiandika kwenye karatasi na kuibandika mbele ya dereva.

Kwa ndugu zetu wanaokuja kama abiria, haya ndiyo ya kuangalia kabla ya kutuma hela. Uliza kama kampuni ina leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, na uombe picha ya leseni ya mwaka huu. Uliza bima ya gari inahusu abiria wa kulipa. Hakikisha mnajua mtakutana wapi, maana gari lisilo na kibali haliingii gatini. Mara nyingi mkutano ni nje ya geti. Ada ya mbuga hulipwa kwa eCitizen, si kwa noti mkononi, kwa hivyo ilipwe siku iliyotangulia, isije ikawa mtandao umegoma na nyinyi mko langoni jua likipanda. Chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi mbugani tangu Juni 2020, kwa hivyo zile za kwenye meli ziacheni. Beba chupa ya kujaza tena.

Usiache pasipoti na dawa zako bila kufikiri. Beba nakala ya pasipoti, dawa za siku mbili, na nambari ya simu ya wakala wa meli hapa bandarini. Kwa kawaida huandikwa kwenye karatasi ya ratiba mnayopewa kila siku. Gari likikwama, simu ya kwanza iwe ya wakala huyo. Na usilipe hela zote mwanzo. Lipa sehemu ya kushikia gari, na nyingine ukiisharudi bandarini. Dereva anayejiamini hatakataa.

Kwa vijana wetu wa kazi hii, kuna somo kutoka bahari ya Karibi, ambako meli ni nyingi kuliko zetu na watu wameishi nazo miaka mingi. Katika visiwa vya Virgin vya Marekani, nauli za teksi hupangwa na serikali na kutangazwa wazi, kwa hivyo mgeni akishuka anajua bei kabla ya kufungua mdomo. Na waongozaji wengi wa kujitegemea katika bandari za huko huahidi kwa maandishi kumrudisha mgeni kwa wakati, au wao ndio wagharamie kumfikisha bandari inayofuata. Ahadi hiyo ndiyo inayowauzia kazi. Sisi bado tunauza simba na ndovu peke yake, na kuhusu kurudi tunasema inshallah. Inshallah ni neno jema, lakini liambatane na gari lililokaguliwa, tairi mbili za akiba, na gari la pili linalojulikana liko wapi pale Voi au Maungu.

Hapa ndipo Kaloleni inapoingia. Leo magari mengi ya wageni wa meli huingia Bachuma na kutoka Bachuma. Mji wa Voi hauoni hata vumbi lao. Mbuga iko mlangoni kwetu tangu 1948; ndovu wakivamia mashamba ya Sagalla hasara ni yetu, lakini chakula cha mchana cha mgeni huliwa kwingine au hutoka kwenye boksi lililofungwa Mombasa. Njia ipo: ingia Bachuma asubuhi, pita bwawa la Aruba, tokea lango la Voi kabla ya saa sita. Mgeni ale mjini, aone vikapu vya akina mama wa Kasigau na Taita, kisha saa saba kamili gari liwe kwenye lami. Ukirudi, Mackinnon Road simama dakika kumi pale msikiti wa Seyyid Baghali, kando ya reli ya zamani, ambapo wasafiri wengi wa Pwani husimama kuomba dua. Mgeni ataondoka na hadithi ambayo haimo katika karatasi ya meli.

Hilo linahitaji mikahawa ya Voi iwe na chakula tayari saa sita, si saa nane. Linahitaji choo safi, bei iliyoandikwa, na mtu wa kupokea simu. Hakuna kati ya hayo linalongoja serikali.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa meli ana siku moja tu ya kutuponya, na siku yenyewe ina saa tatu za mbugani. Anayetaka kazi hii msimu ujao aanze sasa: akae chini na kalamu, ahesabu kutoka saa ya mwisho ya kupanda meli akirudi nyuma mpaka asubuhi, na asimpe mgeni bei mpaka hesabu hiyo imekubali.