Kinga na freni mupya: jaribu kwanza karibu na nyumba

Ndugu kijana, umeweka freni mupya na kiti kipya mu kinga yako. Sasa unataka kuzoeza mwili: Lubumbashi mpaka Likasi, kilometa karibu 120. Ni muzuri! Lakini usianze na ile barabara. Malori ya madini yanapita mule, na lori yenye muzigo haisimame mara moja.

Kwanza zunguka mu kartie yako, kilometa 10 hivi. Waya mupya wa freni unalegea kisha kuvutwa mara mingi; ukirudi, ukaze tena. Kwa kiti, ikaa juu yake na uweke kisigino kwa pedali iliyo chini: muguu unyooke, kiuno kisiiname. Kiti kikiwa chini sana, magoti yataumia mbele ya kufika.

Jaribu tena kisha mvua. Jante ya chuma ikilowana, freni haishike sana. Basi, funga mapema.

Nanyi wazazi, mbele ya kumuruhusu mutoto, mumuulize neno moja tu: «Hii freni, ulishaijaribu ku mutelemuko?»